Nilivyokaa Eda Chini ya Gari

Mtongwe, Likoni
Jumatatu, baada ya alasiri

Mama yangu,

Assalaam alaikum. Nakushika miguu, Mama, na mkono wangu nauacha hapo hapo mpaka uitikie marahaba. Hali yako je? Lile goti la kushoto linakupa usingizi? Na kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipozungumza mara ya mwisho, kimekuachia? Kaka Shee amekwisha kuezeka banda lake au bado yuwasema kesho? Sisi huku hatujambo. Mimi mzima, Saumu mzima na shule anakwenda, na mavyaa wangu mzima isipokuwa miguu humfura jioni. Alhamdulillahi.

Barua hii vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Rukia akusomee. Simu nimeiacha makusudi, maana wewe ukipokea simu unaiweka sauti ya juu, na nyumba nzima inakaa kitako kusikiliza, mpaka Bi Zuhura wa nyumba ya pili anachangia. Nina mambo ambayo sitaki yachangiwe.

Kwanza nirudishe uongo wangu. Tangu mume wangu Bakari afariki, kila ukinipigia hukosi kuniuliza, "Mwanangu, umelia?" Nami nakujibu, "Nimelia, Mama." Sikulia. Siku ya mazishi sikulia, wala siku ya arobaini. Watu walikuja wakaniinamia, wakanilowesha mabega kwa machozi yao, nami nikawa nawapigapiga mgongo kama mimi ndiye niliyekuja kuwapa pole. Usidhani nilikuwa na subira. Umewahi kukalia mguu ukafa ganzi? Unauona ni wako, unaufinya, hausikii. Ndivyo nilivyokuwa mimi mzima mzima. Nilipika bila chumvi, na nikila sikugundua.

Pili ni habari ya gari. Najua imekwisha kufika huko kwamba nimekaa eda chini ya gari, na najua imefika kwa kicheko. Ni kweli. Basi isikilize kwangu mimi niliyekaa.

Kobe unamkumbuka. Ni lile gari la jipu kuukuu la kijani lenye mlango mmoja mweupe, ulilokataa kulipanda ulipokuja Saumu alipozaliwa, mpaka Bakari akakuwekea kigoda na kukushika kiwiko kama bibi arusi. Jina alilipa yeye, kwa ajili ya mwendo wake. Kwa Kobe ndiko tulikokula miaka yote hii. Zile njia za ndani ya Kwale, zenye mawe na makorongo, malori hayazipendi, basi mtu akiwa na nazi zake au mabati yake ya kujengea humwita Bakari. Bakari alikuwa akifika pahali ambapo wenye magari mapya hugeuza.

Sasa nikueleze shafti ni nini, maana huko Faza hamna haja nazo. Chini ya gari, nyuma, katikati, pana tumbo la chuma ambalo mafundi huliita difu. Ndani ya tumbo hilo hutoka vyuma viwili virefu, kimoja kikaenda kwenye gurudumu la huku na kimoja kwenye gurudumu la kule. Hizo ndizo shafti za nyuma. Shafti ikizunguka, gurudumu huenda. Moja ikikatika, unaweza kuungurumisha injini mpaka ichoke, gari litabaki pale pale. Kobe aliundwa avutwe na magurudumu yote manne, lakini kile chuma cha kupeleka nguvu mbele Bakari alikifungua zamani ili gari lisinywe petroli sana. Kiko nyuma ya jiko, tunaanikia samaki. Angekuwa nacho siku ile, Kobe angemrudisha nyumbani kwa magurudumu ya mbele.

Siku hiyo nitaifikia. Wewe jua tu kwa sasa kwamba shafti ilikatika, na siku ya tatu baada ya mazishi wenzake Bakari waliliburuta gari kwa kamba mpaka hapa uani. Wakaliacha kati ya jiko na ua wa makuti, likiwa limegeuzia barabara uso wake. Mimi nilikuwa ndani, nimeshaingia eda. Nilisikia tu kamba inafunguliwa na watu wanaondoka bila kusema kwaheri.

Eda ilipobaki wiki tatu hivi, akaja shemeji yangu Rashidi, kaka yake Bakari, yule anayekaa Changamwe. Usimwekee kinyongo, Mama. Ndiye aliyemwosha ndugu yake kwa mikono yake, na tangu siku hiyo hawezi kuingia ua huu bila kuangalia chini. Alikaa barazani, mimi nikawa nyuma ya pazia, akasema, "Shemeji, gari hili mimi siwezi kuliona. Ndugu yangu nimemzika, na hili niliondoe. Kuna mtu wangu kule Changamwe huvunja magari kuukuu akauza vipande. Siku utakayotoka eda nitakuja naye."

Nikamuuliza tutashika wapi mimi na mwanangu na mavyaa. Akasema, "Lingekuwa linatembea nisingefungua mdomo. Mngemtafuta dereva, kazi ikaendelea. Lakini hili limelala."

Mavyaa wangu, mama yao, ambaye nilidhani amesinzia, akauliza, "Likitembea?"

"Likitembea sina neno, Mama. Lakini halitembei. Na mafundi wasiingieingie humu. Kuna mwanamke edani na majirani wana macho. Mwanamume asiye maharimu asivuke ua huu mpaka eda iishe."

"Mwanamume," akasema mavyaa.

"Ndiyo, mwanamume."

"Nimesikia," akasema, akafumba macho tena.

Mimi wakati ule sikuwaza lolote. Nilikuwa naona kama wanazungumza habari za nyumba nyingine. Lakini usiku nililala nikajiona nimetoka eda, nimesimama uani na pale alipolala Kobe pana mafuta meusi tu mchangani. Sikuona huzuni, niliona baridi. Nikajua lile gari likiondoka hapa sitakuwa na sababu ya kubaki, na mavyaa atabaki na nani? Rashidi ana chumba kimoja na watoto watano. Nami ningerudi kwako kama nilivyokuja, na begi lile lile.

Jumanne iliyofuata tukasikia hodi nje ya ua. Alikuwa Fundi Katana, Mgiriama wa Mikindani aliyekuwa akimtengenezea Bakari gari lake tangu kabla sijaolewa. Mavyaa akamwitikia. Akasema, "Sivuki, mama. Nimeshaambiwa. Nimekuja tu kuwajulia hali."

"Hali zetu njema. Wewe ungekuwa ndani humu, ungefanya nini?"

"Ningetoa shafti zote mbili nikatia nyingine. Ni kazi ya siku moja."

"Basi kaa hapo hapo nje useme unavyofanya."

Katana akacheka. "Kuona sitaona," akasema, "lakini kusema sijakatazwa." Nikasikia anapindua debe, anakaa. Alikaa ameupa ua mgongo, wallahi, adabu ya mtu yule sijaiona kwa wengi. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, Jumanne na Alhamisi, kutoka Mikindani mpaka huku, anakaa kwenye debe na kuzungumza na barabara, nasi wanawake wawili ndani tunafanya anayoyasema.

Spana alizirusha juu ya makuti zikiwa zimefungwa kwenye gunia. Jambo la kwanza alilotufundisha ni mawe. "Tieni mawe makubwa kwenye magurudumu, mbele na nyuma, Kobe asije akawalalia." Tukatia. Mavyaa aliyachagua mwenyewe, yale mawe matatu ya jiko la zamani na la nne la kufulia, akayasukuma kwa kisigino mpaka yakashika.

Vyuma vipya vilikuwa wapi? Bakari alikuwa amesema amevipata, na mimi sikuuliza viko wapi. Nilivikuta chini ya kitanda chetu, upande wake, vimeviringishwa kwenye leso yangu ya zambarau ambayo nilimgombeza Saumu wiki nzima kwa kuipoteza. Si vipya vya dukani, vilitolewa kwenye gari jingine, lakini alikuwa amevisugua mpaka vinang'aa na kuvipaka grisi. Leso imeharibika. Nilimwomba Saumu radhi alipotoka shule, akaniuliza kwa lipi, nikamwonyesha leso.

"Anzeni kulia," akasema Katana kutoka nje. "Ndiko kulikokatika. Katikati ya gurudumu mtaona nati sita. Gurudumu msilitoe." Nikalala chali, nikavuta spana kwa mikono miwili na mguu mmoja. Mavyaa amenishikia tochi, na mkono mwingine anajipepea. Nati ya nne ilikataa, tukaimwagia mafuta ya taa na kwenda kusali. Tuliporudi ikafunguka. Mafuta ya difu yana harufu mbaya, Mama, mazito, yananuka kama kitu kilichooza kwenye chuma, na yalinitiririkia mpaka kwapani. Nikasema, "Mimi niko edani, hivi nanukia." Mavyaa akasema, "Nukia tu. Hakuna mwanamume atakayekuposa kwa harufu hiyo."

Pengine ningecheka siku nyingine. Niliona tu kwamba ni maneno ya kuchekesha.

Shafti ikatoka. Ndefu, nzito, na haikukatika. Nikamwambia Katana, "Nzima hii." Akasema haiwezekani. Nikamwambia nimeishika mkononi. Akauliza, "Mama Saumu, kulia kupi?" Nikamwambia kulia, alivyosema. Akapiga kelele kama aliyeumwa na siafu. Kumbe yule bwana amekaa ametupa mgongo, na kulia alikokuwa akikusema ni kulia kwake yeye anayetazama barabarani, sawa na kulia kwa dereva. Mimi nimekuja nyuma ya gari, nimelala chali, kichwa kimeelekea barabarani, kulia kwangu kuko kwingine kabisa. Tulikuwa tumefungua upande usiokuwa na ubaya.

Mavyaa akakata shauri. "Kulia na kushoto basi tena. Kuna upande wa jikoni na upande wa msikiti. Fundi, wasikia? Iliyokatika iko upande wa msikiti."

"Nasikia, mama. Upande wa msikiti. Lakini hiyo mliyoitoa, nielezeni ncha yake. Yale meno yamenyooka?"

Nikaipangusa. Hayakunyooka. Meno yote ya ncha yalikuwa yamejisokota upande mmoja kama nguo iliyokamuliwa. Nikamwambia. Katana akasema, polepole, "Basi nayo ilikuwa inakaribia. Bakari alijua. Gari lenye shafti ya namna hiyo halinyamazi, kila ukiondoka litakupigia tak. Alijua yule."

Mama, hapa ndipo nilipotaka usome mwenyewe.

Asubuhi ile Bakari hakutaka kutoka. Alikunywa chai, akaenda kuchuchumaa nyuma ya Kobe, akarudi akaniambia, "Leo naona nishinde hapa nifungue nyuma. Linanipigia tak kila nikiondoka. Vyuma nishapata." Mimi nilikuwa nimetoa neno kwa Bi Mwanajuma, yule jirani aliyekuwa akimwoza mwanawe huko ndani ya Kwale, kwamba Bakari atampelekea viti na masufuria ya arusi. Niliona haya kwenda kumwambia haendi. Nikamwambia Bakari, "Utafungua Ijumaa. Linapiga tak tangu unioe." Akacheka. Akatwaa kofia yake akaenda.

Viti vilifika. Wakati wa kurudi, gari tupu, kwenye kilima, shafti ikakatika. Simu yake haikuwa na chaji. Akaliacha gari na kutembea juani mpaka lami, na hata alipopata mtu wa kumleta alishatembea sana. Alifika hapa baada ya alasiri, shati limelowa kama limetolewa ndooni. Akakaa kizingitini, akaomba maji, nikampa. Akasema, "Shafti imekatika." Kisha akanitazama, akasema, "Si nilikwambia?" Akajilaza kwenye mkeka. Magharibi haikumkuta.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba moyo ule ulikuwa mgonjwa siku nyingi, hata angeshinda kitandani. Nilimsikia. Lakini mimi ndiye niliyempeleka Bakari juani kwa sababu ya masufuria ya watu. Na maneno aliyoniachia ni yale. Eda yote nimekuwa nikiyageuza. Aliyasema kwa kucheka au kwa kunilaumu? Uso wake naukumbuka, kofia naikumbuka, bilauri naikumbuka. Mdomo siukumbuki, Mama. Kila nikijaribu kuuona mdomo wake hauji.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, mavyaa? Kwamba mwanao mimi ndiye niliyemtoa? Nilirudi chini ya gari.

Alhamisi tukafungua upande wa msikiti. Shafti ikatoka fupi, imekatwa, na kigutu kikabaki ndani ya difu. Katana akasema kigutu hicho kisipotoka kazi imeisha, na kukifikia kwa mkono haiwezekani, kitatoka kwa sumaku tu. Sumaku tutaipata wapi? Mavyaa akaingia ndani, akatoka na redio yake. Ile ya mbao, aliyonunuliwa na marehemu mumewe, ambayo haijasema miaka na hakuna anayeruhusiwa kuipangusa ila yeye. Akaiweka mchangani na kuipiga mchi. Akatoa spika, akanipa ile sumaku nyuma yake, nzito kama andazi la chuma. Nikamwambia, "Mama, redio yako." Akasema, "Imenisemea yote iliyokuwa nayo."

Sumaku tuliipasua vipande ipate kupita, kimoja tukakifunga kwa waya kwenye ufito, na nikaanza kuvua. Siku ile sikupata. Jumanne sikupata. Kinashika, kinakuja kidogo, kinaachia. Katana huko nje anasema, "Usivute kwa hasira, mama Saumu, zungusha kidogo kisha uvute." Sikuwa na hasira. Hicho ndicho kilichonisaidia, nadhani. Mtu mwenye hasira angeshatupa ufito. Mimi nilikaa saa nzima, nazungusha kidogo, navuta, kinaachia, naanza tena, na wala sikuona kama saa imepita. Alhamisi, kabla ya adhana ya alasiri, nikasikia kinateleza na kinakuja. Kigutu chenyewe ni kama gunzi la muhindi. Nilikaa nacho mapajani. Nikafikiri, basi ni wewe.

Kutia shafti nyingine nako tulikosea, na kosa ni lile lile la kulia na kushoto. Shafti hizi hazilingani, moja ni ndefu kuliko mwenzake, na mimi nilikuwa nimezitia alama kabla mavyaa hajaleta mambo ya jikoni na msikiti. Tukaingiza upande wa jikoni, ikasimama, imebaki vidole vinne nje. Nikasukuma, wapi. Mavyaa akasema labda yataka kutiwa moyo, akatwaa mchi. Aligonga mara mbili tu. Katana akaruka kwenye debe, tukasikia debe linaanguka. "Nani anagonga? Msigonge! Wallahi msigonge!" Yeye Mkristo, Mama, lakini siku hiyo aliapa hivyo. "Hiyo ni ya upande wa msikiti! Itoeni! Pitisheni kidole kwenye meno, kuna lililopinda?"

Nilipitisha kidole kwenye kila jino. Hakuna lililopinda. Nilipomwambia, nikamsikia anapumua. Tukazibadilisha, kila moja ikaingia mpaka mwisho kwa mkono, kwa sauti ndogo, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu. Nikakaza nati sita na nyingine sita. Tukamimina mafuta ya difu mpaka yakafurika kwenye kidole changu.

Betri ilikuwa imekufa siku nyingi. Katana aliichukua kutiwa moto, na ikarudi Ijumaa jioni. Kwa hiyo mpaka eda inakwisha hatukujua kama Kobe atatembea au hatatembea.

Jumamosi alfajiri nikaoga, nikavaa nguo safi, nikasali. Nilidhani nikitoka eda nitajisikia mtu mwingine. Nilijisikia mtu aliyeoga. Saa tatu Rashidi akafika na yule mnunuzi, na nje kuna lori lenye kamba. Rashidi akanitazama mikono, kucha zina weusi ambao hautoki, akauliza, "Shemeji, umefanya nini?" Mavyaa akamjibu kutoka kizingitini. "Hakuna mwanamume aliyevuka ua huu. Uliza majirani."

Nikapanda. Kiti kingali kimebonyea upande mmoja, umbo lake Bakari. Kuendesha alinifundisha uani humu humu, mbele na nyuma, kwa kusogeza gari tu wakati wa kufagia. Nikawasha. Injini ikakohoa, ikakataa, ikakohoa, ikashika. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia kilachi polepole kama alivyonifundisha. Kobe akatetemeka mwili mzima, asiende. Nikaongeza mafuta. Akanguruma, akatetemeka, hakuenda. Yule mnunuzi akashika kiuno. Rashidi akaangalia chini, na kwa upole kabisa, si kwa kushangilia, akasema, "Basi, shemeji. Umejitahidi. Shuka."

Mkono ulikuwa umeshafika kwenye ufunguo kuzima.

Nje ya ua, ambapo alikuwa amesimama ingawa eda imekwisha na hakuna aliyemkataza tena kuingia, Katana akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Mawe! Nyie! Mawe mmetoa?"

Hatukuyatoa, Mama. Yale mawe manne ya siku ya kwanza yalikuwa pale pale, yameshikilia Kobe kwa ajili yetu. Mavyaa, na miguu yake ile, akashuka kizingitini, akayapiga teke moja moja, jiwe la kufulia la mwisho. Nikaachia kilachi. Kobe akaenda. Akaenda kimya, bila tak, akapita jiko, akapita Rashidi, akafika penye mlango wa ua na mimi nikafunga breki kwa sababu sikujua niende wapi.

Nikamsikia mavyaa nyuma yangu anamwambia Rashidi, "Si nilikwambia?"

Mama, ilikuwa sauti ile ile. Kupanda kule mwisho, kuvuta kule. Nikageuka kwenye kiti, nikamwona amesimama katikati ya mawe yake, mikono kiunoni, kidevu juu, na mdomo umekwenda upande mmoja, hataki kucheka na anacheka. Ndio mdomo wa Bakari. Ndio ule niliokuwa naukosa.

Niliweka kichwa kwenye usukani. Honi ikalia nami nikalia, na sikujua kipi kimeanza. Nililia mpaka nikaishiwa pumzi. Rashidi alikuja akasimama pale mlangoni pa gari, akasema, "Shemeji, shemeji," kisha naye akashindwa, akakaa chini kwenye mchanga na nguo zake safi. Yule mnunuzi aliondoka na lori lake, sijui saa ngapi.

Jioni nilimweleza mavyaa yote, habari ya asubuhi ile na masufuria na Ijumaa. Alinisikiliza huku anajikanda miguu. Akasema, "Nilikuwa chumbani, niliwasikia asubuhi, nikawasikia na alasiri. Ungeniuliza. Neno lile alilipata kwangu. Tangu mdogo tukitaniana hivyo. Mchuzi ukiungua, si nilikwambia. Mvua ikinyesha nguo ziko kambani, si nilikwambia. Alikuwa anakutania, mwanangu. Mtu akilaumu hawi na sauti ile." Akaendelea kujikanda. Mimi nikamwondolea mikono, nikamkanda mwenyewe. Bado nasema laiti ningemwacha afungue siku ile, na najua nitasema hivyo maisha yangu. Lakini sasa nasikia, na nikipika naonja.

Mwambie kaka Shee asije kunichukua. Najua ameshaandaa safari, naye asione nimemdharau. Katana amepata dereva, mtu wa makamo wa Utange, na Rashidi ndiye aliyemhoji, mpaka nikamwonea huruma. Kobe atarudi njia zake za Kwale wiki hii. Kile chuma cha mbele Katana anataka kukirudisha, kwa hiyo samaki tutawatafutia pahali pengine. Shule zikifungwa nitakuja na Saumu, na mavyaa akiweza miguu tutakuja naye, inshallah. Anataka kukuona. Anasema kuna jambo la kukuuliza kuhusu malezi yangu.

Nisalimie kaka Shee na mkewe, na umwambie banda halijiezeki. Nisalimie mpwa wangu Rukia, asinune kwa kunyimwa barua. Nisalimie mjomba na wote wa nyumba ya chini. Mavyaa wangu anakusalimu sana, na Saumu anakushika miguu. Niombee dua, Mama, na umwombee Bakari.

Na Bi Zuhura wa nyumba ya pili, kwa kuwa atakuuliza barua imesema nini, mwambie neno moja tu: nimelia, na mara hii ni kweli.

Mwanao,
Mwanaesha